Chakula cha kijijini na fukwe tulivu za kaskazini Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ndugu na marafiki kutoka bara, Unguja na Mombasa huniuliza maswali yale yale kabla hawajapanda boti kuja Pemba. Wengi wameshaziona fukwe za Nungwi na Paje kule Unguja. Sasa wanataka kijiji ambacho samaki akitoka ngalawani anaingia chunguni, na ufuo ambao mtu anakaa asubuhi nzima bila kusikia muziki wa mtu mwingine. Majibu haya yanahusu upande ninaoujua mimi: Tumbe, Konde, Makangale na fukwe za Ras Kigomasha.

Niende kijiji gani hasa?

Kwa samaki na chakula, Tumbe. Kwa ufuo, Makangale. Konde ipo kati yao, ni mji mdogo wenye soko na kituo cha daladala, na ndipo njia zinapogawanyika.

Watu hudhani kisiwa chochote kimezungukwa na mchanga mweupe. Pemba si hivyo. Sehemu kubwa ya pwani yake ni mikoko, ghuba na vijisiwa, na ndani ni vilima vya mikarafuu na mabonde ya mpunga. Fukwe ndefu za mchanga ni chache, na nzuri kuliko zote zipo kule kwenye ncha ya kaskazini, mwisho wa barabara. Utulivu wake unatokana na hilo: hakuna anayepita pale akienda kwingine.

Nije mwezi gani?

Kwa hali ya hewa, Septemba na Oktoba, au Januari na Februari. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mvua hunyesha kweli kweli na njia za udongo huharibika. Kusi likishika, kuanzia katikati ya mwaka, bahari ya upande wa mashariki huchafuka, na vyombo vidogo haviendi mbali. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, ni pepo laini zaidi.

Lakini kabla ya kutazama mwezi wa kalenda, tazama mwezi wa angani. Hili ndilo jambo ninalomwambia kila mgeni na ndilo wanalolisahau wote. Kijiji cha wavuvi kinakula kwa kufuata maji, na maji yanafuata mwezi.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, tunapata bamvu. Siku hizo maji hutoka sana, tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita nne, na kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu. Hapo bahari haitoki sana wala haijai sana, na saa zake zimegeuka: asubuhi ya saa nne ndiyo maji yamejaa. Kati ya hapo na hapo, kila siku saa husogea mbele kama dakika 50.

Sasa liunganishe hilo na chakula. Pweza huchokolewa miambani bamvu linapotoka, kwa hiyo siku za bamvu ndizo siku za pweza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa boti za dagaa hupumzika na samaki wanaobaki sokoni ni wa mishipi na madema. Mwezi mwandamo vyote viwili hukutana: kuna giza na kuna bamvu. Ukiniuliza mimi, panga safari yako siku tatu kabla ya mwezi kuandama na siku tatu baadaye, utakuta mnada umejaa.

Anayetaka kuogelea asubuhi zaidi ya kula, aje wakati wa maji mafu.

Nafikaje?

Kwa boti kutoka bandari ya Unguja hadi Mkoani, kusini mwa Pemba, au kwa ndege ndogo hadi Chake Chake. Zipo pia safari za boti kutoka Tanga kwa siku maalumu, uliza bandarini. Kutoka Mkoani panda daladala hadi Chake Chake, halafu nyingine hadi Konde. Kisiwa hakizidi kilomita 70 kwa urefu, ila barabara ni ya vilima na daladala husimama kila penye mtu. Ukifika Mkoani mchana, usitarajie kuogelea Makangale siku hiyo.

Kutoka Konde kwenda Makangale njia inapita ndani ya msitu wa Ngezi. Unatoka kwenye jua la mashamba, ghafla unaingia kwenye giza la kijani na hewa ya baridi. Mwambie dereva wa bodaboda apunguze mwendo hapo.

Mkaazi wa bara hahitaji pasipoti kuja Zanzibar, lakini kitambulisho lazima uwe nacho. Mgeni asiye Mtanzania aulizie mapema masharti ya bima ya wageni, ambayo Zanzibar iliyaanzisha Oktoba 2024.

Mnada wa samaki Tumbe ukoje, na mgeni anaruhusiwa?

Anaruhusiwa, na ningekuwa na asubuhi moja tu Pemba ningeipeleka pale.

Vyombo vinaporudi, samaki hushushwa diko, yaani pale vyombo vinapofikia pwani, na kupangwa kwa mafungu. Dalali husimama juu ya fungu na kutaja bei ya kuanzia, wachuuzi wanapandisha, na sauti yake haipumziki mpaka mmoja abaki peke yake. Fungu likishauzwa hakuna maneno tena. Linaingia ndooni au kwenye tenga, linafungwa nyuma ya baiskeli au pikipiki, na baada ya muda mfupi lipo njiani kwenda Konde, Wete au Chake. Mara ya mwisho nilisimama karibu na fungu la tasi, wadogo wadogo, bado wana utelezi na madoa yao hayajafifia. Dalali aliliuza nikiwa sijamaliza hata kuwahesabu.

Mambo mawili. Kwanza, simama pembeni, usikanyage nyavu wala usikae kati ya dalali na wanunuzi; ile ni kazi ya watu, na asubuhi moja mbaya kwao ni chakula cha nyumba nzima. Pili, usinyanyue kidole kuonyesha samaki wakati mnada unaendelea. Ukitaka kununua kidogo, subiri mnada upungue, mwendee mchuuzi aliyekwisha kununua, umwombe akuuzie samaki wawili au mtungo mmoja. Utamlipa zaidi kidogo ya alivyonunua, na ni haki yake.

Samaki mzuri macho yake yamejaa na yanang'aa, mashavu ya ndani ni mekundu, na ukimbonyeza nyama inarudi.

Nitakula nini?

Anza na samaki wa mwambani: changu, tasi, pono, chewa. Changu kwa mchuzi wa tui, wenye tungule (nyanya) kidogo na ndimu, juu ya wali wa nazi, ndicho chakula cha mchana cha nyumba nyingi mambo yakiwa mazuri. Tasi mimi nampenda wa kukaanga tu, akawe mkavu, na kachumbari ya pilipili. Pono nyama yake ni laini mno kwa kukaanga, mpike mchuzi. Samaki wakubwa wa maji ya nje, nguru na jodari, hukatwa vipande vikachomwa au kupakwa tui lililopikwa na viungo mpaka likawa zito.

Halafu ule upande ambao mgeni hapewi kwa sababu wenyeji wanauona ni chakula cha kawaida mno. Muhogo wa nazi kwa ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani. Papa mkavu wa kupikwa na tui na pilipili mbichi. Dagaa wa kukaanga na ndimu. Kisamvu cha nazi. Ndizi mbichi na majimbi. Lazima uviombe vyakula hivi, na ukishaviomba utaona uso wa mpishi unabadilika, kwa sababu ameelewa kwamba umekuja kula chakula chake chenyewe.

Asubuhi kuna chapati, maandazi, vitumbua, chila za mchele na mkate wa kumimina, pamoja na chai ya tangawizi au mchuzi wa jana. Jioni, mabarazani, kahawa chungu ya vikombe vidogo na kipande cha halua au kashata. Halua nunua Wete unapopita, inayotoka sufuriani siku hiyo ikiwezekana.

Matunda yanafuata msimu. Usiondoke bila kuonja shokishoki na doriani zikiwepo. Doriani wengine huikimbia kwa harufu, mimi naila bustanini mpaka iishe.

Mikahawa iko wapi?

Vijijini mikahawa ya kukaa na kuletewa orodha ya vyakula haipo, na msafiri asiyelijua hilo hushinda na njaa. Kuna vibanda vya chai asubuhi, kuna wauza badia, kachori, muhogo wa kuchoma na pweza jioni. Chakula kizito cha mchana kinapikwa majumbani.

Njia yenyewe ni hii: ukifika asubuhi, muulize mwenye kibanda cha chai kama kuna mama anayepikia watu. Daima yupo. Mwendee mwenyewe, piga hodi, salimu kwa utulivu, ukae kama utakaribishwa. Mweleze mko wangapi na mnataka kula saa ngapi. Kubalianeni bei kabla, na utoe fedha ya kununulia samaki hapo hapo, kwa sababu si haki mtu akopeshe mgeni kitoweo. Kisha nenda zako ufukweni. Ukirudi saa saba chakula kipo.

Usimpangie samaki. Mwambie, "Bi mkubwa, tupikie kilichofika leo." Wageni wanaosisitiza kamba au ngisi siku ambayo hawakuvuliwa ndio wanaoishia kula vilivyolala kwenye barafu.

Kwa nini pweza wa kule ni laini kuliko ninayempika mimi?

Nimeulizwa hili mara nyingi mpaka nikaenda kukaa jikoni kwa shangazi wa rafiki yangu pale Tumbe nione mwenyewe.

Pweza alikuwa ameshapigwa jiweni tangu pwani. Akamwosha, akamweka sufuriani mzima, bila tone la maji, bila chumvi, akafunika. Moto wa kuni wa wastani. Baada ya muda akafunua kunionyesha: pweza amejikunja na anaogelea kwenye maji yake mwenyewe, mekundu kama ya zambarau. "Ukimtia maji ya mtungi, mwanangu, umemkasirisha," aliniambia. Akamwacha achemke humo mpaka maji yakakaribia kukauka, akamchoma kwa ncha ya kisu kwenye sehemu nene ya mkono, kisu kikaingia bila kushindana. Ndipo akamkata vipande.

Wakati huo nazi ilikuwa imekunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa mara mbili. Tui jepesi lilikwenda kwanza na thomu (kitunguu saumu), pilipili manga, bizari ya manjano kidogo na tungule moja. Tui zito lilikuja mwisho, na kuanzia hapo mwiko haukusimama, kwa kuwa tui likiachwa lichemke peke yake hukatika. Akaonja, akatia ndimu. Chumvi hakutia kabisa, maana pweza amekuja na ya baharini.

Kwa hiyo jibu fupi: mpige, usimtie maji, usimkate mapema.

Vumawimbi au Verani?

Zote ziko Makangale, pande mbili za rasi moja. Vumawimbi inatazama mashariki. Ni ghuba pana ya mchanga mweupe, na msitu umeifuata mpaka karibu na maji. Jina lake linasema kweli: kusi likivuma utasikia wimbi kabla hujaliona. Asubuhi pana jua zuri na mara nyingi utakuwa wewe na wavuvi wachache wanaotengeneza nyavu zao kivulini.

Verani ipo magharibi, imekingwa na kusi, maji yake hutulia, na jua linazama mbele yako baharini. Ukiwa na watoto au huogelei vizuri, na pepo ni za kusi, nenda Verani. Ukitaka kutembea kwa mguu peke yako, Vumawimbi.

Hakuna duka ufukweni. Beba maji ya kunywa, kofia, na chakula chepesi. Madafu unaweza kuyapata kijijini ukimwomba mtu apande mnazi. Takataka zako rudi nazo.

Ukiendelea mpaka mwisho wa rasi utaukuta mnara wa taa wa Kigomasha, wa chuma. Mkondo wa Pemba mbele yake ni wa kina kirefu sana, maji yanageuka buluu nzito ghafla, na ndiyo maana wazamiaji husafiri kutoka mbali kuja huku.

Naweza kutembea juu ya miamba maji yakitoka?

Ndiyo, ukiwa na viatu na ukiwa na mwenyeji. Viatu vya plastiki vya kufunga, si kandambili. Kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi kwenye mashimo, na kuna taa, samaki wapana wenye mwiba mkiani, wanaojifukia mchangani. Buruta miguu unapopita kwenye maji ya magoti ili wakimbie kabla hujawakanyaga.

Mwaka mmoja niliwafuata kina mama wa mwani mpaka mbali sana kutoka ufukweni, nikabaki nyuma nikitazama samaki kwenye dimbwi. Sikuona maji yanarudi. Hayaji mbele kama ukuta, yanapita kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, na ghafla ile njia uliyokuja nayo kavu imekuwa mto. Mama mmoja akaniita kwa sauti na kunionyesha kwa mkono nipite wapi. Nilivuka kuelekea nchi kavu maji yakiwa kifuani. Tangu siku hiyo, kina mama wakianza kugeuka nami nageuka, hata kama jua bado liko chini.

Usipite kati ya vijiti na kamba za mwani. Kila kamba ni ya mtu, na imefungwa kwa mikono kipande kwa kipande. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, na wengi wanaoulima ni wanawake. Vilevile, baadhi ya vijiji hufunga sehemu za miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ukiambiwa hapa pamefungwa, usiingie hata kutazama.

Nivae nini?

Kijijini, mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na mwanamke. Kanga moja begani inamaliza kazi. Nguo za kuogelea zibaki ufukweni mbali na nyumba, na hata huko mwanamke atakuwa na amani zaidi akiogelea na nguo ndefu kama wanavyofanya wenyeji. Pombe vijijini haiuzwi, usije nayo.

Na Ramadhani?

Mchana hakuna kinachopikwa wala kuliwa hadharani, hata kwa asiyefunga. Lakini futari za Pemba ni jambo kubwa: uji, muhogo, magimbi, ndizi mbivu za nazi, tambi, samaki wa kukaanga, kaimati. Ukialikwa nenda, na uende na tende au sukari mkononi. Kama huwezi kushinda bila kula, chagua mwezi mwingine.

Nalala wapi?

Nyumba za wageni za bei nafuu ziko Wete na Chake Chake. Kaskazini kabisa kuna hoteli za wazamiaji, ghali. Ukikaribishwa kulala nyumbani kwa mtu, mwenyeji wako ampe taarifa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Ndiyo taratibu ya Zanzibar, na inakulinda wewe na yeye. Wengi hulala Wete na kutoka alfajiri.

Pesa?

Toa fedha taslimu Chake Chake au Wete, na uwe na noti ndogo. Kulipa kwa simu kunafanya kazi kwa wengi, ila mtandao na umeme hukatika.

Mimi sili samaki. Nitapata chakula?

Utapata, na kizuri: maharage ya nazi, kisamvu, mchicha wa nazi, muhogo, badia za kunde, wali. Sema mapema na useme wazi kwamba hata dagaa na ng'onda hutaki, kwani wapishi wengi huvihesabu kuwa viungo.

Naruhusiwa kupiga picha?

Omba kwanza, kila mara, na kwa mwanamke subiri akujibu mwenyewe. Diko na vyombo hawakatazi ukishasalimia. Jikoni usiinue simu hata kama umekaa saa nzima, mpaka mwenye jiko akuruhusu.

Kuna kingine cha kuona kati ya mlo na mlo?

Popo wa Pemba, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Ni wakubwa, wana manyoya ya rangi ya machungwa, na hutoka kwa makundi jua likizama. Waulizie kwenye ofisi ya msitu wa Ngezi, hapo getini utapata wa kukutembeza na utalipia kiingilio. Karibu na Tumbe kuna magofu ya Chwaka, na wakati wa mavuno utaona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Usizikanyage wala usizipite na pikipiki.

Naweza kurudi na samaki nyumbani?

Samaki mbichi kwa boti ni shida, barafu huyeyuka kabla hujafika Mkoani. Nunua ng'onda au dagaa wakavu. Wachague mwenyewe: waliokauka sawasawa hawana unyevu karibu na mfupa na hawanuki uchachu. Wafunge kwenye gazeti, halafu kwenye ukili au kikapu. Usiwatie kwenye mfuko wa plastiki, kwanza mifuko hiyo imekatazwa Zanzibar, na pili watafanya ukungu njiani. Makombe, magamba ya kasa na matumbawe usinunue hata ukipewa kwa bei ndogo. Ukifika nyumbani waanike tena juani siku moja kabla ya kuwaweka, na usiku huo huo tafuta muhogo na nazi mbili.